Paramediki ni nani hasa? Mdogo wangu anataka kuisomea, nyumbani wanasema ni udereva wa ambulensi

#1 Kaka wa Neema

Wakuu salaam.

Mdogo wangu kamaliza kidato cha sita, PCB, matokeo si mabaya. Nyumbani tulishajiandaa kwa uuguzi au maabara. Juzi tukiwa mezani akasema anataka kuwa paramediki. Baba akamuuliza, "Yaani udereva wa ambulensi?" Mama akasema mtoto wa kike hawezi kushinda usiku anabeba majeruhi. Binti akanyanyuka, ugali umebaki nusu.

Nataka kumsaidia ila sijui naanzia wapi. Mtu wa kazi hii anafanya nini tangu anapokea zamu mpaka anatoka? Anasoma wapi, muda gani? Na hapa kwetu Tanzania ajira ipo, au atasoma halafu arudi kukaa nyumbani?

Mimi maoni yangu, na mnirekebishe: hatuna paramediki kwa sababu hatuna magari ya wagonjwa ya kutosha. Magari yakijaa, watu watafuata.

#2 Kipanga wa Tabata

Nimeweka kambi hapa. Baba yenu kasema kweli lakini, mimi ambulensi zote nilizoziona anashuka dereva na nesi.

#3 Nesi wa Barabarani

Mleta mada, mimi ni muuguzi, miaka tisa kazini, na sita kati ya hiyo nimesindikiza rufaa kwenye barabara ya Morogoro. Hilo la magari sikubaliani nalo kabisa. Kituo nilichokuwepo gari lilikuwepo, jipya, king'ora kinalia vizuri. Ndani kulikuwa na kitanda na mtungi wa oksijeni, basi.

Nikupe tukio moja. Mgonjwa wa kifua, mwanaume mzima, anahema kama kakimbia. Nimeambiwa msindikize. Nikaingia, nikafungua mtungi, nikamvalisha barakoa yenye mfuko, tukaondoka. Hakuna aliyenifundisha kupiga hesabu ya mtungi. Ule mdogo ukijaa una lita 680 hivi. Barakoa ile inakula lita 15 kwa dakika. Gawanya mwenyewe: dakika 45. Safari yetu ilikuwa saa moja na nusu kama foleni hakuna, na siku ile lori lilikuwa limelala katikati ya barabara. Mshale ukaanza kushuka kwenye nyekundu nikiwa nautazama. Nilipunguza hewa, nikamkalisha wima, nikamshika mkono, nikawa namhesabia pumzi. Alifika hai. Lakini wiki nzima nilikuwa naona ule mshale nikifumba macho.

Paramediki angeanza na ile hesabu kabla gari halijawashwa. Ndiyo tofauti. Mimi nilifundishwa kumhudumia mgonjwa wodini, ambako mtungi ukiisha unaita mwingine.

#4 Jamaa wa Eldoret

Dada Nesi #3, pole sana. Huku kwetu hesabu hiyo ni mtihani wa wiki za mwanzo.

Kaka wa Neema, mimi ni EMT, yaani mhudumu wa dharura wa ndani ya ambulensi, hapa Kenya. Tuna ngazi tatu: ya msingi, ya kati, halafu paramediki juu. Ya msingi unafunza miezi michache tu, St John wanafundisha, Msalaba Mwekundu wanafundisha, na vyuo vingine pia. Kupanda hadi paramediki ni miaka.

Zamu yangu ya saa 12 iko hivi. Nafika robo saa mapema. Kabla ya chai nafungua kila droo ndani ya gari: glavu, kola za shingo za saizi zote, bandeji, mashine ya kufyonza mate kama inavuta, betri ya mashine ya kushtua moyo, mitungi. Nasaini karatasi. Kitu kikikosekana baada ya hapo ni changu. Halafu tunangoja simu, na kungoja nako ni kazi, kwa sababu huwezi kulala na huwezi kwenda popote.

Na simu nyingi si ajali za barabarani kama kwenye runinga. Ni mama amebanwa na uchungu, mzee ameanguka bafuni, kijana amekunywa dawa ya kuua wadudu. Kuna siku tuliitwa stendi kuondoa mlevi. Amekaa kwenye ukuta, jasho linamtiririka na asubuhi kuna baridi, anaongea maneno hayaeleweki. Watu wamemzunguka wanacheka. Nikamtoboa kidole: sukari 1.8. Tukampa glukosi ya mshipani. Haikupita dakika tano akafungua macho akatuuliza viatu vyake viko wapi. Walikuwa wameshamvua na kwenda navyo.

#5 Kipanga wa Tabata

Hao wa viatu nao wangetafutiwa dripu 😂

Serious sasa, 1.8 ni ndogo kiasi gani?

#6 Jamaa wa Eldoret

Chini ya 4 tunaanza kuhangaika. 1.8 ubongo unazima taa. Angeachwa pale mpaka jioni "alale pombe itoke", angekufa.

#7 Mzee wa Minnesota

Habari za huko nyumbani. Niko Marekani miaka 17, saba za mwisho ndani ya ambulensi. Niongeze la masomo: hapa EMT ni kozi ya saa 150 na kitu, unafanya mtihani wa taifa, unaanza kazi. Paramediki ni zaidi ya saa 1,000, darasani, hospitalini na ndani ya gari, ukisimamiwa. EMT anazuia damu, anafanya CPR (kukandamiza kifua na kupuliza hewa moyo ukisimama), anafunga mfupa, anatoa oksijeni. Paramediki anasoma mchoro wa moyo, anaweka njia ya hewa kooni, anatoa dawa nyingi bila daktari kuwa pembeni.

Nawaambia vijana weusi wanaoanza hapa kitu kimoja wengi hawakijui. Kati ya wa kwanza nchi hii kufundishwa uparamediki wa kisasa walikuwa vijana weusi wa mtaa wa Hill District, Pittsburgh, kuanzia 1967. Huduma yao iliitwa Freedom House. Kabla ya hapo polisi walikuwa wanamtupa mgonjwa nyuma ya gari na kumkimbiza, au anakuja mwenye gari la kubebea maiti. Daktari Peter Safar, ambaye ni mmoja wa waliotupa CPR, ndiye aliyewaandalia mafunzo, na baadaye Dk. Nancy Caroline akawaongoza. Wengi hawakuwa na kazi kabla ya hapo, wengine hawakumaliza sekondari. Waliweza. Jiji liliwafunga 1975, likaanzisha huduma yake.

Kwa hiyo anayesema kwetu hatuna watu wenye uwezo, mimi siafiki. Hatujawafundisha.

#8 Bint Saidi, Maskati

Assalaam aleikum. Huku Oman ambulensi na zimamoto wako chini ya mamlaka moja, namba ni 9999 kwa vyote. Mie mama yangu alianguka usiku, tulipiga, walikuja wawili, mmoja kijana mmoja binti, na yule binti ndiye aliyekuwa akitoa amri. Tena alisema nasi kwa upole hasa. Mwambie mama Neema hilo, mtoto wa kike anaiweza kazi hii.

#9 Mtetezi wa Saa Moja

Tatizo letu ni muda, wakuu. Kuna kitu kinaitwa saa ya dhahabu. Majeruhi akifika hospitali ndani ya dakika 60 anapona, akipita hapo kwisha. Hata umpe paramediki kumi, kama barabara ni mbovu ni bure. Rekebisheni barabara kwanza.

Na hapa kwetu namba ni 112, piga ambulensi inakuja.

#10 Dk. wa Zamu

#9 mambo mawili.

Kwanza namba. 112 ni polisi. 114 ni zimamoto na uokoaji. 115 ni ya bure, ndiyo ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Ukipiga 112 kwa presha ya baba yako utaongea na askari. Tafadhali watu wahifadhi hizi namba kwa usahihi.

Pili, saa ya dhahabu. Neno hilo lilienezwa na daktari wa upasuaji wa Baltimore, R Adams Cowley. Lilisaidia sana kuwaamsha watu, lakini watafiti waliotafuta ushahidi wa huo mstari wa dakika 60 hawakuuona. Mshipa mkubwa wa paja ukikatika, dakika chache zinatosha kummaliza mtu. Mwingine anavuja polepole tumboni ana saa kadhaa. Haraka ni muhimu, ila kinachofanyika ndani ya hiyo haraka ni muhimu pia.

Mimi nadhani shida iko kwenye mnyororo. Idara ya Magonjwa ya Dharura ya Muhimbili ilifunguliwa 2010, na mwaka huohuo chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, MUHAS, kikaanza kufundisha madaktari bingwa wa dharura. Ina maana tulianza kujenga kuanzia mlango wa hospitali kwenda ndani. Kutoka kwenye mtaro wa barabara mpaka mlangoni, hapo ndipo pametubaki.

#11 Noah Nyeupe

Nimeona m-mama imetajwa. Mimi ni dereva jamii, nina Noah yangu, nimeandikishwa. Inavyokwenda: zahanati wanapiga 115, kituo cha uratibu kinaangalia kama ambulensi iko karibu, kama haipo wanamtafuta dereva kama mimi. Nikishamfikisha mgonjwa na kuthibitishwa, malipo yanaingia kwenye simu. Sidai mtu.

Mwaka jana saa tisa usiku nilimbeba mama na nesi wa zahanati. Njiani nesi akaniambia simama. Nikasimama. Akaniambia washa tochi ya simu, shika hapa, usitazame pembeni. Mtoto akatoka hapo hapo kwenye kiti cha nyuma. Nesi akamfuta kwa kitenge, akamlaza tumboni kwa mama, akawafunika wote, halafu akaanza kumkanda mama tumbo chini ya kitovu kwa nguvu. Nikadhani anamuumiza. Akaniambia nakaza mji wa mimba usimwage damu, endesha.

Mikono yangu ilitetemeka mpaka asubuhi. Mimi si mtaalamu, lakini bila yule nesi ningekuwa nimebeba watu wawili tu na mafuta.

Kwa hiyo mimi naona kinachokosekana ni simu moja ya wagonjwa WOTE kama hii ya wajawazito. Magari ya watu binafsi yapo kila kijiji.

#12 Nesi wa Barabarani

#11 kaka yangu, Mungu akulipe. Na huyo nesi ni paramediki bila cheti.

#13 Mtu wa Bajaji

Naomba niulize, na nisamehewe kama natoka nje ya mada.

2019 mdogo wangu aligongwa akiwa kwenye bodaboda. Tulifika watu wanne. Hakuna aliyejua pa kupiga. Tukasimamisha bajaji. Tulimshika mabega na miguu, tukamkunja aingie, kichwa kikawa kinaning'inia kwenye mapaja yangu kila shimo tunalopita. Alikuwa anaongea, alikuwa anasema "kaka miguu inawaka". Hospitali ya kwanza waliuliza PF3. Nikamwacha na jirani nikakimbia polisi.

Leo hatembei. Daktari alisema uti wa mgongo. Kila siku najiuliza kama ni ajali au ni sisi.

#14 Kipanga wa Tabata

Pole sana mkuu. Aisee.

#15 Jamaa wa Eldoret

Ndugu #13. Kama alisema miguu inawaka kabla hujafika hata shimo la kwanza, huenda uti ulishaumia pale alipoanguka. Mara nyingi jeraha lenyewe linatokea sekunde ile ya kugongwa. Hakuna mtu kwenye uzi huu anayeweza kukuambia kwa uhakika, mimi pia siwezi. Mlimpeleka hospitali na yuko hai.

Kwa wengine wanaosoma: majeruhi akiwa anapumua na hakuna moto wala gari linalokuja, usimnyanyue. Piga magoti nyuma ya kichwa chake, weka viganja viwili pande zote za kichwa, kishike kama kilivyo, mwambie asitikise shingo. Mwingine ndiye atafute gari. Lazima mmuinue? Basi mmoja anashika kichwa na ndiye anayehesabu, wengine wanainua mwili wote pamoja kama gogo. Damu ikiruka, hiyo inatangulia: kandamiza kwa kitambaa na uzito wako wote, usichungulie kila dakika.

#16 Dk. wa Zamu

Nakazia la PF3. Fomu ni ya polisi kwa ajili ya uchunguzi na kesi. Mgonjwa wa dharura anatibiwa kwanza, fomu inafuata. Serikali imeshalisema hilo zaidi ya mara moja. Ukikutana na anayekuzuia, mwite mganga mfawidhi hapo hapo.

#17 Mtetezi wa Saa Moja

Asante kwa marekebisho Dk., namba nimeshabadilisha kwenye simu.

Lakini #13 ananipa hoja. Si magari, si barabara, ni sisi raia. Hatujui kubeba mtu. Na ving'ora hatupishi. Shule za sekondari wafundishwe CPR, mengine yatafuata.

#18 Mzee wa Minnesota

Niwachanganye zaidi. Philadelphia, tangu miaka ya 1980, polisi wanaruhusiwa kumpakia mtu aliyepigwa risasi au kuchomwa kisu kwenye gari lao na kumkimbiza, bila kungoja paramediki. Watafiti walilinganisha, na kwa ujumla waliofikishwa na polisi hawakufa zaidi ya waliofikishwa na ambulensi. Yaani kwa jeraha la aina hiyo, ndani ya jiji lenye hospitali kubwa karibu, kasi peke yake inafanya kazi kubwa.

Sasa chukua hilo ulilete barabara ya Morogoro, hospitali ya Tumbi iko kilomita nyingi kutoka ulipo, na majeruhi kapondeka kwenye basi. Sidhani kama hesabu ni ileile.

#19 Jamaa wa Eldoret

Hapo tunabishana hata sisi kwa sisi. Wazee wa kazi wanasema pakia uondoke. Vijana waliotoka chuo wanataka waweke dripu mbili kwanza. Mimi damu naizuia palepale, dripu naweka gari likitembea.

Lakini kufika nako si mwisho. Katiba yetu ya 2010, ibara ya 43(2), inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Na bado Oktoba 2015, Nairobi, majeruhi wa ajali alikaa ndani ya ambulensi saa 18 akitafutiwa kitanda cha wagonjwa mahututi, akafa. Paramediki alikuwepo, gari lilikuwepo, sheria ilikuwepo. Ndiyo maana mtu akiniambia jawabu ni moja, nanyamaza.

#20 Mama Wawili, Leicester

Jina lenyewe nalo lina kazi yake. Hapa Uingereza neno paramediki linalindwa na sheria. Huwezi kujiita hivyo bila kusajiliwa na baraza linaloitwa HCPC, na tangu 2021 anayeanza upya lazima awe na shahada. Kwa hiyo baba akisikia mwanawe ni paramediki, anajua ni mtaalamu. Huko nyumbani kila anayepanda gari lenye king'ora anaitwa "mtu wa ambulensi". Heshima haiji, mshahara hauji.

#21 Kipanga wa Tabata

Ndicho nilichotaka kusema tangu #2 ila sikuwa na maneno. Matangazo ya ajira za afya yakitoka nayasoma yote kwa ajili ya dada yangu: tabibu, muuguzi, mteknolojia, mfamasia. Huyu wa ndani ya ambulensi nadra umuone akitajwa peke yake. Dereva anaajiriwa kama dereva. Sasa Neema asome, aombe nafasi gani?

#22 Nesi wa Barabarani

Kipanga leo umeongea kama mtu mzima 😄

Ndiyo hofu yangu pia. Kaka wa Neema, kama ni mdogo wangu, ningemwambia achukue uuguzi au utabibu kwanza. Hiyo inampa usajili na mlango wa ajira. Halafu atafute kufanya kazi kitengo cha dharura, apande na kozi fupi za kuokoa maisha, na MUHAS kuna shahada ya uzamili ya uuguzi wa wagonjwa mahututi na majeruhi.

#23 Jamaa wa Eldoret

Mimi napinga kwa heshima dada. Wakifanya hivyo wote, kada haitazaliwa. Kwetu ilianza na watu waliokubali kusomea kitu ambacho serikali haikuwa na jina lake. Tuliteseka, wengi bado wana mikataba ya miezi mitatu mitatu, wenzangu wanne wamevuka kwenda Ghuba. Lakini leo mtu akiona sare anajua.

#24 Nesi wa Barabarani

Wewe ulikuwa na mtu wa kukulisha wakati unateseka? Neema ana baba anayemlipia ada kwa jembe?

#25 Jamaa wa Eldoret

Hapo umenishika. Mama yangu aliuza ng'ombe.

#26 Bint Saidi, Maskati

Nyie wawili mbona mnagombana kama mtu na mumewe. Mwulizeni mtoto mwenyewe.

#27 Dk. wa Zamu

Wakati mnabishana: chochote atakachosoma, achanjwe homa ya ini aina ya B, dozi zote tatu, kabla ya kugusa mgonjwa. Akijichoma sindano, dawa za kuzuia VVU zianzwe mapema iwezekanavyo, na zisipite saa 72. Na mgongo. Naona wahudumu wa miaka 35 wana migongo ya wazee. Wanafundishwa kuinua kwa magoti, halafu wanakutana na mgonjwa wa kilo 110 ghorofa ya nne Kariakoo, ngazi nyembamba, lifti hakuna.

Jambo jingine ni usingizi. Mtoto akifia mikononi mwako saa kumi alfajiri, saa kumi na mbili unaosha gari, saa mbili uko kwenye daladala na watu wanaocheka. Kazini kwenu kuwe na mtu wa kuzungumza naye. Nasema hivi kwa sababu mimi sikuwa naye.

#28 Mtu wa Bajaji

Jamaa wa Eldoret, nimesoma #15 mara nyingi. Nimemsomea na mdogo wangu. Kasema miguu ilianza kuwaka akiwa bado chini, kabla hatujamgusa. Miaka yote hii sikuwahi kumuuliza.

Asante.

#29 Noah Nyeupe

Mkuu 🙏

Mimi nimeomba nifundishwe kumkanda mama tumbo. Nesi wa zahanati kacheka, halafu kasema njoo nikufundishe kwanza kushika tochi vizuri, kukanda baadaye. Mwanza nasikia kuna vijana wa bodaboda waliofundishwa huduma ya kwanza, wanaitwa kwa ujumbe wa simu ajali ikitokea. Wakileta huku niandikeni wa kwanza.

#30 Kaka wa Neema

Nimerudi wakuu. Nilimpa Neema simu asome mwenyewe. Alikaa nayo mpaka chaji ikaisha. Baba naye kasomewa #3 na #11, akauliza tu kama yule mgonjwa wa mtungi alipona baadaye. Mama bado.

Uuguzi au aende Kenya kusoma, hajaamua. Ana maswali mawili. Moja, machela ina uzito gani, maana yeye ni mwembamba. La pili, kama anaweza kuona ndani ya ambulensi kabla hajajaza fomu za chuo.

#31 Nesi wa Barabarani

Mwambie baba alipona, nilimfuata wodini wiki ya pili, alikuwa anagombana na mkewe kuhusu uji.

Machela ya magurudumu yenyewe, tupu, ni kilo 35 mpaka 40. Inabebwa na wawili, na ujanja ni kuinua kwa magoti na kuhesabu pamoja, unene hausaidii. Mimi nina kilo 52.

Kuona ndani ya gari inawezekana. Nitamwomba mganga mfawidhi ruhusa. Niandikie faragha nikupe siku. Aje na viatu vilivyofunika vidole, nywele azifunge nyuma, na awe ameshakula.